Benyamini Hajui Baridi

Simeoni alikufa Jumanne, Rubeni akamfuata Alhamisi, na Gladwell akawaandika wote wawili kwenye daftari bila kudondosha chozi. Ndiyo maana ya mtihani. Wanyonge waanguke, hodari ajulikane.

Walikuwa maua, okidi sita za jamii ya Dendrobium, kila moja aina yake, kwenye vyungu vya mkaa na maganda ya mti. Ndung'u muuza miche ndiye aliyezileta. Majina Gladwell aliyatoa kwenye Biblia, kwa wana wa Yakobo. Akawapanga kwenye benchi nyuma ya nyumba, mwezi wa saba, wakati Kitale mtu akisema "Bwana asifiwe" mvuke unamtoka mdomoni. Amri ilikuwa moja: asifunikwe mtu, asiingizwe mtu ndani. Atakayevuka mwezi, aina yake ndiyo akina mama wa kanisa wangepanda, miche mia mbili kwa mpigo, kwenye shamba la kikundi.

"Ati tung'oe sukuma wiki tupande maua?" Rosaline, mwenyekiti wao, alimuuliza Gladwell. "Haya. Lakini yakifa, Mama Kevin, wewe ndiye utawaambia watoto wetu watakula nini."

Kwa hiyo Gladwell hakucheza. Kila asubuhi, kabla hata ya kuweka chai, alikuwa kwenye benchi na daftari lake. Lawi alikunjamana. Dani akawa laini kama ndizi ya kuchemsha. Yuda, ambaye kwa mabega yale alikuwa amemtegemea sana, alipukutisha majani yote kwa siku moja, kama mtu anayevua koti.

Benyamini, mdogo wao, akazidi kunenepa.

Tena alikuwa na maajabu. Wenzake wakiamka wamelowa umande, yeye mkavu. Asubuhi moja Gladwell alimgusa jani akaona ni la vuguvugu. Akaandika: "Ana moto wake wa ndani." Akapiga mstari mara mbili, akamshukuru Mungu.

Shida ilikuwa ndani ya nyumba. Mama mkwe wake, Nasimiyu, alikuwa amekuja kumtembelea kutoka Bungoma, na baridi ilimshinda siku ya kwanza. Alilala na sweta mbili na soksi za marehemu mwanawe, akaamka kabla ya jogoo. Siku ya kufua, Gladwell akakuta vipande vya mkaa kwenye shuka lake.

"Mama! Unaingia na jiko kitandani? Utatuchoma!"

"Jiko la nini, mwanangu?" Nasimiyu akajibu kwa upole. "Mimi nalala vizuri tu. Sisi wageni wa huku, bila kusaidiana si tutakufa?"

Gladwell hakuridhika. Alimwongezea blanketi, akalifungia jiko kwa ufunguo, na jioni hiyo akaomba dhidi ya moto.

Siku ya mwisho ya mwezi kikundi kizima kilifika. Benyamini alisimama peke yake kwenye benchi, maua manne meupe yamefunguka, kama bibi harusi asiye na haraka. Rosaline akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bana," akasema, "huyu ni mwanaume kweli kweli."

Wakapiga vigelegele. Wakaomba. Kisha wakashika majembe, na kufikia saa kumi hakuna mche wa sukuma uliobaki shambani. Gladwell akampigia Ndung'u simu: mia mbili, wote Benyamini, usichanganye. Ndung'u akasema pikapu imeshatoka.

Jua likielekea kuzama, Nasimiyu alitoka nje na mkoba wake wa safari umeshafungwa. Akasimama mbele ya benchi, akamtazama Benyamini kama mtu anayeacha mjukuu.

"Mama Kevin," akasema, "mimi kesho narudi Bungoma. Huyu mmoja tulikuwa tunatoshana kitandani. Sasa hao mia mbili, nani atalala nao?"