Koki Isiyopona

Koki ya jikoni haikuwa na ubovu wowote. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyeilegeza nati yake jana jioni kabla ya kuondoka, ili ivuje usiku kucha na asubuhi apate sababu ya kubisha hodi.

"Karibu, fundi," Mama akasema mlangoni, macho kwenye begi la spana. "Hii koki imeanza tena. Jana alikuja mwenzako mmoja, kaiharibu kabisa."

"Pole, Mama. Ngoja niitazame."

Mtaa mzima ulimwita Mama, na mtaa mzima ulikuwa na zamu. Alipoanza kusahau, nesi wa zahanati aliwakusanya majirani akawaambia wasibishane naye. Akisema leo ni Jumatatu, basi ni Jumatatu. Mwenye duka humuuzia chumvi kila anapoitaka, hata mara nne kwa siku, na jioni pakiti hurudishwa dukani kimyakimya. Mshona nguo wa jirani humletea magauni ayapinde, akirudi nayo kwake anafumua, kesho anayaleta tena. Fundi naye zamu yake ni koki. Kila anayeingia huacha simu yake dukani kwanza, kwa sababu mlio wa simu humvuruga Mama. Leo duka lilikuwa bado halijafunguliwa.

Siku moja fundi aliingia mikono mitupu, bila begi. Mama alimtimua kwa mwiko hadi barabarani, akipiga kelele za mwizi. Tangu siku hiyo begi la spana halimbanduki.

Akapiga magoti chini ya sinki. Mama akavuta stuli, akakaa kumsimamia.

"Mbona unashika spana kama unakoroga chai? Marehemu mume wangu alikuwa fundi bomba. Angekuona, angecheka mpaka akae chini."

"Ana haki ya kucheka, Mama."

"Nani kakufundisha?"

"Nilifundishwa nikiwa mdogo. Sikuwa na akili ya kushika."

Mama akacheka, na kwa kitambo jiko likawa jiko la watu wazima wawili wanaopiga soga. Kisha fundi akaona begi jingine pembeni ya mlango. Lilikuwa la safari, limejazwa nguo ovyo, zipu haijafungwa.

"Mama unasafiri?"

"Namfuata mwanangu. Nimechoka kungoja. Mchana nikimpigia hapokei. Jioni ndiyo ananipigia, 'Mama niko njiani, Mama niko njiani.' Njia gani hiyo isiyofika?"

Wiki iliyopita Mama aliondoka hivihivi, na mtaa ukafunga shughuli zote kumtafuta. Walimkuta ng'ambo ya barabara kuu, kiatu kimoja mguuni, akimuuliza kila mwanamume anayepita kama ni mwanawe. Ni bahati tu kwamba hakugongwa. Fundi hakuamini kwamba bahati hiyo ingekuja mara mbili, na kumfungia ndani hakuweza. Waliwahi kujaribu, akavunja dirisha kwa mkono.

"Labda anafika leo," akasema.

"Labda, labda. Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Unamtembelea?"

"Kila siku."

Mama akainama, akamtazama usoni. Akamtazama sana. Fundi akaacha kukaza nati, akatulia tuli, maji yakimdondokea mkononi.

"Huyo kweli kazaa," Mama akasema, akajiinua kwenye stuli. "Si mimi."

Akaenda kulichukua begi lake. Fundi akatoka chini ya sinki haraka, akajigonga kichwa, akasimama kati yake na mlango bila kujua la kufanya. Kubishana kumekatazwa. Akimshika mkono ataitwa mwizi. Majirani wa zamu nyingine walikuwa bado hawajaamka.

"Mama, usitoke hivi. Mpigie kwanza," akasema, ili apate dakika mbili tatu tu. "Msije mkapishana njiani."

Mama akafikiri. Akaona ni neno la maana. Akatoa mfukoni simu yake ndogo yenye vitufe vikubwa, akabonyeza kile cha kwanza, kilichobandikwa picha ya kijana mwenye nywele nyingi. Akaiweka sikioni, akangoja, uso umeshaanza kutabasamu.

Ndani ya begi la spana, miguuni pa fundi, simu ikaita.

"Pokea, fundi," Mama akasema, yake ikiwa bado sikioni. "Huenda ni mama yako."