Mwisho wa Kivuli cha Zohali

Kapteni Arina aliweka kiganja kwenye mlango wa chuma, na banda zima likanyamaza.

Mlango huo ulikuwa umewakosesha watu wa mtaa wa Majengo, Sumbawanga, usingizi msimu mzima. Nani alifungiwa nyuma yake, ndani ya chombo kilichopotea angani? Jumapili hii mchana ilikuwa sehemu ya mwisho ya msimu wa *Kivuli cha Zohali*, na banda la video la Bi Kulsumu lilifurika hadi watu wakakaliana mapajani. Umeme ulipokatika mwanzoni, hakuna aliyeinuka. Walibaki gizani, kila mtu akilinda nafasi yake, mpaka uliporudi.

Yusto na mkewe Zita walibanana benchi la mbele, mbali kabisa na mlango mwembamba wa kutokea. Yusto alikuwa amemleta Zita kutoka kijijini Mwimbi ili asubiri kujifungua karibu na hospitali. Ilikuwa mimba yao ya kwanza kufika miezi ya mwisho. Tamthilia hii ndiyo pekee iliyomsahaulisha Zita woga wake.

Pembeni ya skrini alikaa Felisian, DJ wa banda, kipaza sauti na rimoti mkononi. Yeye ndiye aliyewageuzia watazamaji maneno ya kigeni kuwa Kiswahili. Arina akikasirika, Felisian humtukania adui zake kwa Kifipa, na watu huvunjika mbavu.

"Arina anasema, kama ni wewe mwanangu, gonga," Felisian alitafsiri kwa sauti ya chini.

Kutoka ndani, mlango ukagongwa. Zita akaubana mkono wa Yusto.

Felisian akanyanyua uso, akatazama juu, darini. Arina alikuwa akisema maneno mengi, lakini DJ hakutafsiri hata moja.

"DJ, vipi?" mtu akauliza.

"Bi Kulsumu, nakuomba ufungue mlango wote," Felisian alisema kwenye kipaza sauti. "Joto limezidi."

Mama huyo, aliyekaa kwenye kigoda chake mlangoni, akafungua. Mara picha ikaruka. Arina alikuwa amelala kitandani. Ikaruka tena, majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Arina akaona bora apumzike," Felisian alisema. "Asubuhi wakageuza chombo, wakarudi kwao. Msimu umeishia hapo. Asanteni kwa kuja."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha wakaanza kuguna.

"Na mlango?"

"Haukufunguliwa."

"Aliyegonga je?"

"Hakuna mtu. Lilikuwa bomba tu limelegea."

"Basi tutaona msimu ujao."

"Hakuna msimu ujao. Wameifuta."

Mtu akasonya, wengine wakamfuata. Mzee Zenon, fundi cherehani, akaishika fimbo yake. "Nimeikimbia misa kwa upuuzi huu," alisema, akaanza kujikongoja kwenda mlangoni. Waliokuwa nyuma wakatoka mmojammoja, mabega yameshuka, kama watu wanaotoka msibani. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Hapakuwa na cha kuwahi.

Yusto hakuinuka. "Rudisha pale pa mlango. Umeruka mahali. Nimeona kwa macho yangu."

Felisian alizunguka skrini, akachuchumaa mbele yao. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. "Kaka, mtoe mama. Hewa ya humu si nzuri kwake."

"Mke wangu si kazi yako."

"Tumefunga, kaka."

"Nimesema rudisha."

Felisian alimshika Zita mkono, akamwinua. Yusto naye akasimama, ngumi ameikunja, lakini Zita akaingia katikati yao. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Twende tu, Yusto. Mimi mwenyewe sitaki tena kuiona."

Wakatoka, Felisian akiwafuata nyuma kwa nyuma, karibu kuwakanyaga visigino. Mlangoni Zita akakumbuka kitenge chake alichokiacha kwenye benchi. Yusto akageuka kukifuata. Felisian akanyoosha mikono yake yote miwili, akauziba mlango.

"Hurudi ndani."

"Unaniwekea mkono mimi?"

"Hurudi, nimesema."

Yusto akamkamata kola, akamvuta hadi nje barabarani, mahali ambapo watu walikuwa wamekusanyika wakimsubiri. Alimzaba kofi mbele yao wote. Wengine wakaitikia kwamba amestahili. Mmoja akamwita tapeli, mwingine akasema mikono yake haitashika tena kipaza sauti Sumbawanga hii.

Felisian hakujitetea. Shavu lilikuwa limemwiva, lakini macho yake yalipita juu ya mabega yao, yakitembea kutoka uso hadi uso.

"Bi Kulsumu," aliita. "Kuna mtu amebaki ndani?"

"Abaki nani, kwa mambo uliyotufanyia?" mama huyo akajibu kwa uchungu. "Wewe ndiye wa mwisho."

Felisian akaketi chini palepale vumbini. Nyuma yake dari ya banda iliporomoka juu ya benchi la mbele, na moto uliokuwa umejificha humo ukatokea mlangoni.