Doti Moja ya Marehemu

"Mheshimiwa, huyu hana cheti cha ndoa," alisema Makame, akimnyooshea kidole mjane mdogo wa kaka yake. "Alikuwa mpangaji tu. Hana fungu katika nyumba."

Mjane huyo, Sikudhani, aliinama. Walioshuhudia ndoa yake wote wameshazikwa.

Hakimu akamgeukia mjane mkubwa. "Bi Mwanahija, unamfahamu?"

Mji mzima ulijua kuwa wake wenza hao hawasalimiani.

"Namfahamu sana," alijibu Bi Mwanahija. "Marehemu alikuwa bahili, Mungu amrehemu. Sikukuu moja alinunua doti moja ya kanga, akaikata kwa kisu cha jikoni, nusu yangu, nusu ya huyu. Mwanamume gani humkatia mpangaji doti ya mkewe? Tulinuna sote wawili! Kipande changu nikakifanya tambara la kushikia chungu."

Akakitoa kikapuni, kina masizi na harufu ya mchuzi. Sikudhani akavua kichwani kipande chake, king'aacho kama cha dukani.

Hakimu akavitandaza mezani. Mkato ulikwenda upogo, ukapasua ua jekundu, na nusu mbili za ua zikakutana sawasawa.

"Hata kukata hakujua!" Bi Mwanahija akasema, na mahakama nzima ikacheka, hakimu naye, huku akiandika jina la Sikudhani miongoni mwa warithi.

Nje, Sikudhani akamkimbilia mke mwenzake. "Dada, shika hiki kizima, nipe mimi hicho cha masizi."

"Nani kakwambia nataka?" Bi Mwanahija akaketi ngazini, akavilaza vyote viwili magotini. "Katafute sindano."

Upepo ukainua pindo. Akaubana mkato kwa kidole, akingoja.