Anayegonga Saa Kumi na Mbili

Brigitha alipanda juu ya kiti, akaishusha saa ya jikoni na kusogeza mishale mbele saa moja, kama serikali ya huku inavyoagiza kila mwaka joto likikaribia.

"Simu yangu imejibadilisha yenyewe," alisema. "Hii mpaka mtu apande kiti. Upuuzi. Mbona jimbo la jirani, Queensland, hawabadilishi na wanaishi?"

Binti yake Elizabeti hakucheka. Alikuwa mlangoni, anaziweka sawa kandambili za baba yake.

Hivyo ndivyo alivyofanya kila jioni tangu wamzike baba huyo, Lusekelo, mwezi wa Julai. Ikifika saa kumi na mbili, saa ambayo Lusekelo alikuwa akirudi kutoka kazini, ghalani Wetherill Park, mlango ulikuwa ukigongwa. Taratibu, kama mtu aliyechoka. Brigitha akifungua, hakuna mtu. Barabara tupu mpaka kule stesheni ya Toongabbie.

Yeye aliamini ni mhuni fulani wa mtaani. Lakini mtoto alikuwa hali chakula mpaka mlango ugongwe, na shuleni alikuwa ameacha kuongea.

"Leo tunamaliza," Brigitha alimwambia. "Jana kumi na mbili ilikuwa magharibi. Leo jua litakuwa bado liko kwenye ua. Marehemu hana habari kwamba serikali imesogeza saa. Kama ni baba yako, atakuja giza likiingia, saa moja. Mlango ukigongwa kumi na mbili, ni mtu hai anayefuata saa kama sisi. Namkamata, na kandambili zinaingia kabatini. Tumeelewana?"

"Atakuja kumi na mbili," mtoto alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Basi si yeye."

Mchana wote Brigitha hakukaa. Alifua, akapiga deki, akaitafuta tena simu ya Lusekelo chini ya kochi na kwenye mifuko ya makoti. Picha zao zote zilikuwa humo. Wiki ya msiba nyumba ilijaa watu. Labda mmoja wao aliondoka nayo.

Jioni walikaa sebuleni bila kuwasha televisheni. Jua lilikuwa bado linawaka kwenye ua. Saa ya jikoni ilifika kumi na mbili.

Mlango uligongwa. Taratibu.

Brigitha alishusha pumzi aliyoibana tangu Julai. Alichukua mwiko, akashika kitasa.

"Umesikia? Mtu hai huyo. Ana simu mfukoni kama watu wote."

Elizabeti alizisogeza kandambili karibu zaidi na mlango. Safari hii alijibu kwa Kiswahili.

"Na baba anayo, mama. Nilimtilia mfukoni kule kanisani, kabla hawajafunga jeneza, ili asikose saa ya kurudi."