Chura, Fuko na Chanzo cha Vitu Vyote

Hapo zamani Chura na Fuko walikuwa majirani, na hapakupita asubuhi bila ubishi. Chura alishikilia kwamba vitu vyote chanzo chake ni maji. Fuko, mchimbaji, alisema ni udongo.

"Wewe huoni vizuri, ndugu yangu," Chura alizoea kumwambia, "ndiyo maana unabisha."

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Bwawa likakauka, Chura akabaki amelala juu ya tope lililopasuka, ngozi imemkauka. Kilichomuuma kuliko kiu ni kwamba atakufa na Fuko atakuwa ameshinda.

Fuko akaja, hata salamu hakutoa. Alichimba kutwa nzima, kisha akamteremsha Chura chini kabisa, penye ubaridi. Pole pole Chura akapata pumzi.

"Umenishinda, ndugu yangu," akasema. "Vyote ni udongo. Ndio ulionipokea."

Fuko akapangusa pua yake iliyolowa. "Hapana. Huku chini nimekuta maji. Wewe ndiye uliyesema kweli."

"Udongo."

"Maji, nakwambia."

Mvua iliporudi iliwakuta bado shimoni wanabishana, kila mmoja akiutetea upande wa mwenzake.