Mchinjaji wa Mama Onesmo

Nasibu alimwelekeza kuku wa kwanza upande wa mawio ya jua, akasita, akamgeuza kidogo, kisha akapitisha kisu. Kila siku ya kuchinja alianza hivyo. Mama Onesmo ni Mkatoliki, hajui kuku anatakiwa aelekezwe wapi. Aliona tu kwamba kijana wake ni mwangalifu na dini yake.

Alimhitaji mno. Wenye hoteli wa Nyasubi, mjini Kahama, hawachukui kuku ambaye hakuchinjwa na Mwislamu, na huku shambani, nje ya mji, majirani wote ni wa kanisani au wa matambiko. Kuku wenyewe walikuwa wa kujivunia. Walikaa kwenye vibanda vya wavu visivyo na sakafu, na kila asubuhi Nasibu aliviburuta mbele kidogo, kuku wakitembea humo humo hadi kwenye majani mabichi na panzi wapya. Nyama yao ilikuwa na ladha ambayo kuku wa kufungiwa hawaijui. Bila mchinjaji, ladha hiyo ingeishia kwenye sufuria ya Mama Onesmo mwenyewe.

Alimpata machimboni wakati wa masika, alikokuwa amepeleka kuku. Vijana watatu waliofika juzi yake waliacha makoti yao juu, wakateremka kwenye duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Udongo ulioshiba mvua ukaporomoka. Akatolewa mmoja, mguu umevunjika, uso mzima tope, hawezi kusema. Msimamizi alikuwa hajazizoea sura zao. Alichukua koti moja akamfunika, akakuta mfukoni kofia ya sala, akasema huyu atakuwa Nasibu, yule wa Ujiji. Wawili walibaki huko chini. Waliombewa, shimo likafukiwa.

Mama Onesmo alimfuata zahanati, akamwuliza kama anaweza kuchinja. Kijana aliutazama mguu ambao usingemshusha shimoni tena, akasema anaweza.

Haikuwa biashara tu. Onesmo, mwanawe wa pekee, alifukiwa kwenye duara jingine huko Geita, na hata mwili hakupewa. Tangu hapo mama huyu hawezi kumwona kijana wa machimbo bila kumkumbuka aliyemzaa.

Lakini Nasibu hakumpigia mama yake hata mara moja. Simu ndogo iliyokuwa kwenye lile koti aliizima, akaificha chini ya godoro. Akiulizwa, anasema hana cha kumpelekea. Mama Onesmo alimsema sana, akamtania kwamba Kisukuma amekishika kuliko wenye nacho, asipoangalia atasahau lugha ya kwao. Kijana alicheka kidogo, akarudi kwa kuku wake.

Mwishowe Mama Onesmo akakata shauri. Kijana akiwa malishoni, aliiwasha ile simu, akaitafuta namba iliyoandikwa Mama, akaipiga kwa simu yake mwenyewe. Mwanamke wa upande wa pili alilia hata maneno hayakusikika. Tangu masika hakuwa amepata habari yoyote ya mwanawe. Mama Onesmo alilia naye, kisha akamsihi asijaribu kuongea na kijana kabla hawajaonana, maana ataona aibu na kukimbia. Aje tu.

Leo ndiyo siku yenyewe.

"Ukimaliza oda ya hoteli, chinja na yule jogoo mkubwa," alimwambia. "Mama yako anakuja na basi la Kigoma."

Kisu kikasimama. Nasibu aliuliza, bila kugeuka, mama huyo ameambiwa nini.

"Kwamba mwanawe yu hai. Kwamba nakula naye kila siku."

Kijana aliketi juu ya ndoo.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "ungeniuliza kwanza."

Mama Onesmo alimhurumia. Alimwambia asiogope kupokea wageni mikono mitupu, kwa kuwa mama mzazi haangalii mikono ya mwanawe, anaangalia uso. Nasibu aliinuka, akamaliza kuchinja, akawatumbukiza kuku kwenye maji ya moto, akanyonyoa, akatoa matumbo, akatenga firigisi, yote kwa utaratibu wake wa siku zote. Jogoo alimfanya wa mwisho. Kisha akauliza ni nani atakayechinja wiki ijayo.

"Haji kukuchukua," Mama Onesmo alimjibu. "Anakuja kukuona."

Hata hivyo, moyo ulimshuka alipomwona akivua kofia, akiikunja vizuri na kuiweka juu ya lile koti pamoja na simu. Basi anafungasha, alijiambia, anarudi kwao. Ilimwuma, maana alishamzoea kama wake. Lakini aliona ni haki, angalau mama mmoja arudishiwe mtoto.

Saa sita pikipiki iliingia uani. Mwanamke mwembamba mwenye mtandio alishuka, mkononi dumu la mawese, akageuka huku na huku, tayari anatabasamu. Mama Onesmo alishindwa kumkaribisha. Alijiziba mdomo kwa khanga, machozi yakamtoka.

Nasibu alimwendea akichechemea, mikono bado ina maji. Alisimama mbele yake, karibu kabisa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alimpa dumu amshikie, akampita, akaelekea kwenye vibanda vya kuku akiita, "Nasibu! Nasibu mwanangu, nimefika."