Mama wa Kambo Sokoni

Kwanza Abigaël aliona kitenge: mama muuza nyanya alikivuta upesi, akafunika mafungu yote.

“Sitakuuzisha hata moja! Weye ndiye ulimunyima yatima chakula. Siye wote tulikuona!”

Muuzaji wa pembeni yake akadakia. “Ni yeye kabisa! Angalia macho yake ya paka!”

Jumapili iliyopita, kwenye ukuta wa parokia, mtaa mzima ulikuwa umetazama filamu iliyotengenezwa na vijana wa hapo Nyakasanza. Abigaël, ambaye nyumbani walimwita bubu kwa ukimya wake, ndiye aliyecheza mama wa kambo.

Aliinama, kama kawaida yake, akitafuta pa kupita. Ndipo akaona yule mama muuza nyanya akimlilia yatima wa filamu kwa machozi ya kweli.

Akainua kichwa.

“Mama,” alisema, na soko likamsikia, “miye niko muigizaji.”